Sahihi ya Mama Mashuka

Hospitali nzima ilimwita Mama Mashuka, hata madaktari. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, jengo refu la bati nyuma ya wodi ya wazazi, lenye mashine tatu: moja nzima, moja mgonjwa, na ya tatu, kama alivyozoea kusema, inasubiri ndugu waje kuichukua. Alikuwa mtu wa utani. Wauguzi wapya aliwaonya kwamba shuka likipotea, mtu ataingizwa kwenye mashine na kuzungushwa dakika arobaini.

Utani ulikwisha siku mdogo wake wa kike alipogongwa.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Kifungo, kwa sababu hakukubali nguo itoke kibandani kwake na kifungo kilicholegea. Mchana mmoja alitoka kwenda kununua uzi. Alikuwa ameshafika nusu ya barabara, juu ya mistari ya kuvukia kabisa, pikapu ya kusambaza soda ikamzoa. Dereva alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Alikiri mwenyewe bila kubisha, na wakili wake akageuza kukiri huko kuwa sifa.

Hakimu alisoma hukumu kwa muda mfupi kuliko ule anaotumia Mama Mashuka kukunja shuka kumi. Ni kosa la kwanza. Mshtakiwa amejuta. Ana familia inayomtegemea. Atatumikia kifungo cha nje cha miezi sita, akifanya kazi za jamii kila asubuhi hadi adhuhuri, na hataendesha gari kwa miaka miwili.

"Kifungo amekufa, na kifungo hakuna," alisema shemeji yake, mume wa marehemu, pale kwenye ngazi za mahakama. Waliomsikia hawakujua wacheke au walie.

Wiki mbili baadaye, ofisa wa huduma za jamii aliingia chumba cha kufulia na faili kwapani. Nyuma yake alikuwa dereva.

"Mama, nimekuletea mtu wa kukusaidia," alisema ofisa, ambaye hakujua lolote. "Akija, unamtilia sahihi hapa. Asipokuja, unaandika hakuja. Akikosa siku tatu bila sababu, anarudi kwa hakimu, na hapo ni jela."

Dereva alikuwa ameshamtambua. Aliinamisha kichwa akawa anatazama sakafu iliyolowa.

Matroni alipopata habari alikuja mbio. "Namhamishia bustanini sasa hivi."

"Mwache," alisema Mama Mashuka.

"Ya nini kujitesa?"

"Nataka niione hiyo adhabu ikoje."

Akampa dereva mashuka ya chumba cha upasuaji. Hayo lazima yasuuzwe damu kwa mkono, kwenye karo la saruji, kabla ya kuingia kwenye mashine. Siku ya kwanza dereva alitoka nje akatapika, akasukutua mdomo, akarudi kuendelea. Mama Mashuka alimtazama akitegemea moyo wake utapoa. Haukupoa.

Na kijana alikuwa mchapakazi, hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alifika kabla ya wengine. Hakujibizana na mtu. Adhuhuri ikifika alivua glavu, akaegemeza buti za mpira ukutani, akasimama mbele ya meza kusubiri sahihi. Kisha alikwenda nyumbani. Kila siku ya Mungu alikwenda nyumbani.

Shemeji alipomtembelea, hakuzunguka. "Shemeji, kalamu iko mkononi mwako. Andika hakuja. Siku tatu tu. Nani atabisha?"

"Nitabisha mimi. Nikiandika uongo, nitakuwa nimempa haki ya kulalamika. Sitaki awe na haki yoyote juu yetu."

Shemeji alisimama, chai ikabaki kikombeni. Mwezi mzima hakupiga simu.

Mwezi wa tatu dereva alijaribu kuzungumza. "Mama, naomba niseme neno."

"Fua."

Siku chache baadaye akajaribu tena, na safari hii hakukatizwa. "Sina la kukuambia, mama. Nilitaka tu ujue sijasahau."

"Usisahau," alisema Mama Mashuka. Aliona glavu zake zimetoboka. Akafungua kabati, akamtupia jozi mpya. Hicho ndicho alichoweza kutoa, na hata hicho kilimkaa rohoni siku nzima kama mfupa kooni.

Wiki iliyofuata, alasiri, alikuwa anapita karibu na kituo cha mafuta. Pikapu ileile ilikuwa inatoka, taa ya mbele imebadilishwa, kreti za soda zimejaa nyuma. Kwenye usukani alikuwa yeye, simu ameibana kati ya sikio na bega. Macho yao yalikutana. Gari halikusimama.

Kesho yake asubuhi dereva alikuwa mlangoni kabla Mama Mashuka hajafungua. "Mama, ni bosi. Dereva wake aliugua. Ni jana tu. Nina watoto, mama."

"Na simu?"

Dereva alichukua glavu zake, akaenda kwenye karo.

Fomu ilikuwa na vyumba viwili tu: alikuja, hakuja. Mama Mashuka aliweka alama kwenye alikuja, kwa sababu alikuja. Kisha akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yote aliyoyaona, na saa aliyoyaona.

Ofisa alisoma akakuna kichwa. "Mama, hii ni ya mahudhurio tu."

"Basi nipeleke kwa mwenye hayo mengine."

Walirudi kwa hakimu yuleyule. Bosi alikana kila kitu. Dereva alilia. Hakimu alimkaripia kwa sauti ya juu, akamwongezea miezi mitatu ya kazi za jamii, "palepale hospitalini, ambako msimamizi ameonyesha uaminifu mkubwa."

Mama Mashuka alisimama. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Hiyo miezi mitatu umempa nani?"

"Mama, kaa chini," karani alisema.

"Nitakayeshinda naye ni mimi. Nitakayemtilia sahihi ni mimi. Yeye adhuhuri anakwenda nyumbani."

Hakimu alivua miwani. Hatimaye aliandika kitu, akasema mshtakiwa atahamishiwa kufagia viwanja vya ofisi za wilaya. Miezi ilibaki mitatu.

Shemeji alikuwa anamsubiri nje. Alimpokea mkoba, wakatembea hadi kituo cha basi.

"Ungeandika uongo, sasa hivi angekuwa ndani," alisema mwishowe, bila hasira.

"Najua."

Miaka miwili ilipita, leseni ikarudishwa kwa mwenyewe. Mama Mashuka hakuambiwa na mtu. Alijua siku aliposimama kwenye mistari ya kuvukia, nje ya geti la hospitali, na lori dogo likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Dereva alikuwa yeye. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Aliinua mmoja akamwashiria avuke.

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Akamwashiria tena.

Mama Mashuka alirudi nyuma hatua moja, akasimama pale pembeni, hadi lori lilipoondoka.