Pamba ya Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini nilijikuna hadi machozi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua Kibwezi, kwenye chumba baridi cha kuhifadhi mboga. Kazi yetu ilikuwa kujaza kuta na dari kwa pamba ya kioo, yaani nyuzi nyembamba za glasi zilizoshikana kama blanketi la manjano, ili baridi isitoroke. Ukiikata kwa kisu, vumbi lake humetameta penye mwanga. Niliona linapendeza. Jioni shingo, viwiko na kiuno, popote nguo inapobana, palikuwa panawaka.

Nyapara wetu, mtu wa Kathonzweni mwenye tumbo na sauti kubwa, alicheka.

"Mutua, hiyo ni kama upupu tu. Oga maji baridi, usijisugue."

Hapo alisema kweli. Lakini kila siku saa kumi alitugawia pakiti ya maziwa.

"Na barakoa, mkubwa?"

"Barakoa ya nini? Kwani unaenda kupasua mtu? Kunywa maziwa, yanateremsha vumbi yote."

Tuliamini. Maziwa huenda tumboni, vumbi huenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Nani angetuambia?

Niliipenda kazi ile kwa sababu haikunikalisha mahali pamoja. Kutoka Kibwezi tulipelekwa Kathonzweni kwenye ghala la maembe, kisha Migwani kukarabati tanuri za mikate. Hata leo nikiona lori limebeba mabati, moyo unataka kufunga mkoba. Tanuri hazikutumia ile ya manjano. Zilifungwa blanketi jeupe linalovumilia moto mkali. Halikuwasha ngozi sana, nasi tukashukuru. Tulipong'oa la zamani lilivunjika likawa unga, tukalifagia kwa ufagio mkavu. Makaratasi yaliyofungia blanketi jipya, yenye maandishi, tuliwashia moto wa chai.

Mke wangu, Mama Kioko, ndiye aliyeshtuka kwanza. Alifua ovaroli yangu pamoja na nguo za mtoto, na mtoto akawashwa siku mbili.

"Baba Kioko, kuanzia leo una beseni lako," alisema. "Na viatu na nguo za hiyo kazi yako uvulie huko nje."

Mwaka juzi nikaanza kukohoa. Kilima cha kwenda kisimani, nilichokuwa nikikipanda nikiimba, sasa napumzika mara tatu. Nina miaka arobaini na sita. Si umri ulionistaafisha, ni kifua.

Daktari aliinua picha ya mapafu dirishani.

"Kovu silioni kwa sasa," alisema. "Ile ya manjano kwa kawaida huwasha ngozi, macho na koo, na ukiiacha hutulia. Hiyo nyeupe ndiyo inanipa wasiwasi. Kuna aina zinazokaa mapafuni muda mrefu. Yenu ilikuwa aina gani?"

Sikujua. Nilitoka pale nikiwa na picha safi na hofu kubwa kuliko niliyoingia nayo. Usiku nasikiliza pumzi yangu kama mtu anayesikiliza hatua nje ya nyumba.

Nyinyi mnaoingia kazi hii, lowesheni kabla ya kung'oa. Vaeni barakoa inayobana uso, si kitambaa. Someni kilichoandikwa kwenye mzigo, na karatasi yenyewe muiweke nyumbani.

Wiki iliyopita nilimfuata nyapara kwake Kathonzweni. Nilimkuta shambani akivuna mbaazi, tumbo limeisha.

"Mkubwa, ile nyeupe ya Migwani iliitwaje?"

"Ai, Mutua! Umekuja mbali hivi kuuliza jina la pamba?"

"Daktari anataka kujua."

Nikamweleza yote: kikohozi, picha, swali. Alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Alifikicha ganda la mbaazi mpaka likaisha vidoleni.

"Sikuwahi kusoma," alisema. "Pochi yangu ilikuwa na risiti za kila kitu, lakini hiyo sikuisoma."

Akageuka kutazama kama mkewe yuko karibu, kisha akasogea na kushusha sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikishuka.

"Hiyo picha ya kifua, wanapiga siku gani?"

"Jumanne."

"Nipitie basi," alisema. "Lakini ukifika hapa, sema tunaenda sokoni."