Neno nililotia kwenye barua ya shamba

Leo nimekwamishwa na neno moja la Kiingereza, na nililiandika mwenyewe.

Baba alinipa shamba la eka mbili kijijini Kisinga. Barua niliandika mimi, nikatia "bequeath" ionekane ya kisheria. Yeye akatia dole gumba, nikapanda mibuni 412.

Leo mdogo wangu naye kalidai shamba. Mwenyekiti wa kijiji akasoma barua, akacheka.

"Hii 'bequeath' ni ya kurithi mutu akishakufa. Mzee iko hapa, anakula muhogo. Bado anaweza kubadilisha."

Nikamwomba Baba tuandike upya. Akaweka muhogo chini.

"Mimi nilikupa nikiwa hai, kijana. Wewe ndiye uliandika mpaka nikufe. Basi ngoja."

Mibuni inaanza kuzaa msimu ujao.

Nishaurini, jamani. Ila hilo la kungoja, mtu na baba yake anangojaje?