Ukurasa wa Ng'ombe Aliyeshindwa Kusimama

Papa hakujua kuanza jambo bila salamu. Hata chumvi mezani aliiomba kwa mzunguko: umeamkaje, mvua imenyesha, majirani ni wazima, halafu sasa, kama si usumbufu, hiyo chumvi. Mimi nilirithi pua yake na miguu yake, lakini subira yake hainijui kabisa. Nachemka haraka, na yeye ndiye aliyenichemsha kuliko mtu yeyote duniani, na sijampenda mtu mwingine vile.

Alikuwa afisa wa mifugo pande za Bungoma. Alizunguka boma kwa boma, mpaka huko Kamukuywa, na kila mahali walimwita Daktari. Kisha akastaafu. Vijana wenye pikipiki wakaichukua kazi, na simu ya Papa ikanyamaza. Siku moja Mayi, yaani mama yangu, alinipigia Kitale nilikokuwa nikifanya kazi, akinong'ona jikoni ili mzee asisikie.

"Baba yako anaisha," akasema. "Anakaa kwa kiti kutoka chai ya asubuhi mpaka jioni, anaangalia geti. Ugali anagusa tu. Mtu akipita bila kuingia kumuuliza kitu, siku yake imeharibika. Si wewe ndiye ulisomea hizo mashine? Fanya kitu, mwanangu. Huyu mtu ataniachia kiti tupu."

Nilikuwa na saiba ndogo, chumba cha kompyuta za kulipia mtandao, nyuma ya duka la sufuria. Mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa Kitale kabla babu yangu hajavaa viatu, alinikodishia chumba hicho, na mimi niliwatengenezea wafanyabiashara wa mji tovuti. Nikawaza, basi na Papa nimtengenezee yake. Mwenye ng'ombe mgonjwa akitafuta msaada kwenye mtandao, amkute. Mambo rahisi, nilidhani.

Papa alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Alikuja Kitale amevaa koti, akakaa kando yangu na kunisomea maneno ya ukurasa wa kwanza, nami nikapiga chapa: "Mulembe kwenu nyote. Mheshimiwa chifu, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, akina mama, vijana wetu, wageni kutoka mbali, itifaki imezingatiwa." Baada ya hapo ikaja shukrani kwa Mungu, kisha asili ya ukoo wetu, kisha shule alizosoma. Ng'ombe alitajwa mwisho kabisa, kama mgeni aliyechelewa. Kurasa nyingine zote zilianza vivyo hivyo, kwa sababu, Papa alisema, huwezi kujua mtu ataingilia mlango gani, na hakuna mtu ataingia kwake bila kusalimiwa.

Nilijua kuna kasoro. Mtambo wa kutafuta husoma ukurasa ukijaribu kuelewa unahusu nini, kisha mtu akiuliza, humpa kurasa zinazojibu swali lake, iliyo bora ikiwa juu. Hupandi huko juu kwa kujuana na mtu wala kwa kulipa. Unapanda kwa kujibu. Lakini Papa alikuwa anatabasamu, jamani, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, na ningeanzia wapi?

Tukangoja. Kila Ijumaa alikuja kutoka Bungoma kuangalia kama kuna aliyeandika. Hakuna. Hatimaye barua ya kwanza ikaingia, ya kijana fulani wa Moi's Bridge. Nilimsomea Papa kwa sauti kubwa: "Daktari, nimependa sana vile unaanza hotuba. Dada yangu anaolewa na nimeambiwa nikaribishe wageni. Tafadhali niandikie ya kwangu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Wiki iliyofuata wakaja wengine wawili, mmoja akitafuta maneno ya harambee ya kanisa, mwingine ya kumkaribisha mwalimu mkuu mpya. Mtambo ulikuwa umetusoma vizuri sana na kuamua kwamba baba yangu ni bingwa wa itifaki! Nilipogeuka kumtania, nikaona hacheki. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kumbe hata huko ndani," akasema, "hakuna mtu anataka kuniuliza mambo ya ng'ombe."

Ijumaa iliyofuata hakuja, na Mayi akaniambia amerudi kwa kiti.

Nilimweleza mwenye duka, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumpigia kelele na yeye alikuwa karibu. Alinisikiliza huku akipanga vifuniko.

"Mtu nakuja hapa nataka sufuria," akasema, "mimi naonyesha yeye sufuria. Wewe naonyesha yeye picha ya harusi ya bibi yako. Kwa nini?"

Hilo nililijua, bwana. Kila siku niliwaona wateja wangu wa saiba wakiandika shida zao kwenye kisanduku cha kutafutia kama wanaongea na mtu: mahindi yangu yanaoza kwa stoo nifanye nini. Hawakuandika majina ya kitabuni. Jumamosi hiyo nikaenda Bungoma kugombana na baba yangu.

"Tunaondoa salamu," nikamwambia kabla hata sijakaa.

"Huwezi kuondoa salamu, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mamake. "Watu watasema nilikosa adabu."

"Papa, wewe ukifika boma ukute ng'ombe iko chini, imezaa jana na haiwezi kusimama, unaanza na mheshimiwa chifu?"

Akaangalia geti. "Hapana," akasema polepole. "Hapo naruka ua, hata mwenye boma simwoni."

"Sasa huyo anayetafuta, ng'ombe yake iko chini saa hii."

Aliguna. Kisha akavuta kiti karibu na wangu na kuanza kusema, nami nikaandika: Ng'ombe amezaa na hawezi kusimama. Masikio yake ni baridi, shingo ameikunja ubavuni. Usimwache alale kiubavu, mkalishe kifuani, umwegemeze magunia. Usimnyweshe kitu kwa nguvu, hawezi kumeza. Tafuta daktari aje na dawa ya kalsiamu ya kuingiza kwenye mshipa, taratibu, leo, si kesho. Chini yake tukaweka namba ya Papa. Jambo moja, ukurasa mmoja. Tukaandika na ule wa ndama anayeharisha, na ule wa ng'ombe anayekohoa, na nilipoondoka Mayi alikuwa anampakulia ugali wa pili.

Mtambo hauna haraka. Ukurasa wetu ulianza huko nyuma ambako hakuna anayefika, ukapanda kidogo kidogo, na Ijumaa moja nikaandika lile swali nikaukuta wa kwanza. Papa alikuwa kando yangu akiangalia kioo kwa mashaka, kwa sababu kuwa wa kwanza ni maneno na yeye alitaka mtu. Kabla hajavaa kofia aende zake, simu yake ikalia.

Alikuwa mwanamume wa Nairobi, mfanyakazi wa ofisi mwenye ng'ombe kwa mamake, huko mahali panapoitwa Kwanza, si mbali na Kitale. Ng'ombe alikuwa amezaa usiku na sasa yuko chini, na mama yuko peke yake.

"Shingo ameikunja?" Papa akauliza, tayari amesimama. "Mwambie mama yako amkalishe kifuani. Ninakuja."

Mwenye duka alitupa pikapu yake pamoja na dereva, akatufukuza kwa mkono tusimcheleweshe na ahsante. Tulipitia dawa mjini, tukaenda. Kule Kwanza Papa alimpita mama mwenyewe mlangoni bila kumwona, akapiga magoti kwenye matope na koti lake zuri, akauhisi moyo, akatafuta mshipa. Dawa ilishuka polepole. Ng'ombe akatetemeka, akacheua, akatoa kinyesi, na muda si muda akainua makalio, akasimama. Mama wa watu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

"Huyu ndiye wa kompyuta!" aliwaambia.

Wakamzunguka. Na yangu inakohoa, Daktari. Na yangu haishiki mimba. Wakamletea kigoda, akaketi katikati yao, matope mpaka viwikoni.

Dereva akapiga honi. Duka lilikuwa linakaribia kufungwa na pikapu haikuwa yetu. "Papa, twende!" nikaita. "Tumechelewa, bana!"

Hakugeuka. Aliinua tu mkono mmoja.

"Ngoja, mama," akasema. "Si unaona wananiuliza?"

Nikarudi ndani ya gari, nikamwomba dereva msamaha, nikalia.