Bei Iliyobandikwa Ukutani

Mtaani walimwita Fundi Mkasi, na si kwa sababu ya cherehani tu. Ukimzidishia bei hata kidogo, alikukata kwa maneno mbele ya watu, kisha akakuuliza kama umeumia.

Siku ile alihitaji muhuri mmoja tu. Cheti cha kuzaliwa cha binti yake kilibeba jina la babu, cha shule jina la baba, na chuo cha uuguzi kikataka mzazi aape mbele ya wakili kwamba vyote ni vya mtu mmoja. Hati ifike kabla ya saa tisa alasiri. Ikichelewa, nafasi inapewa mwingine. Mkasi aliingia kwa wakili saa nne asubuhi. Muda alikuwa nao tele.

Ukutani, juu ya meza ya karani, ilibandikwa sheria mpya: kuapisha na kugonga muhuri, elfu tano, basi. Karani akamwambia ishirini.

"Ukutani naona tano."

"Tano ipo, Fundi. Ila ya tano inasubiri wakili apate nafasi. Ishirini ni ya haraka."

"Sheria nayo ina haraka?"

"Sare ya mwanangu si ulinitoza mara mbili, ukasema ni ya haraka? Umesahau?"

"Mimi sina sheria ukutani!"

Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Mkasi hakucheka, neno la karani lilimchoma kwa kuwa lilikuwa la kweli. Ishirini alikuwa nayo kwenye pochi. Akaketi kusubiri ya tano.

Saa tano wakapita wawili wa haraka. Saa sita akapita bwana mmoja ambaye hata benchi hakuligusa. Saa saba wakili akatoka kwenda kula, na akala kweli. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Ikishaoza je, hawasemi.

Binti akapiga simu kutoka chuoni. "Mama, lipa tu, tafadhali."

"Nilipe wizi? Tulia, mwanangu. Haki yetu tutaipata."

Saa tisa kasoro dakika kumi akaitwa. Wakili akamwapisha bila kumtazama usoni, akagonga muhuri, paa! Kazi yenyewe haikufika dakika mbili. Mkasi akaweka elfu tano mezani, akadai risiti, akaipata, akatoka mbio viatu mkononi.

Alipofika chuoni dirisha la usajili lilikuwa limefungwa, na saa ya ukutani ilisema tisa na robo. Binti yake alikuwa amekaa ngazini, bahasha ya vyeti magotini. Mkasi akampa hati. Binti akaisoma yote, taratibu, hadi kwenye muhuri, kisha akaiona risiti iliyobanwa nyuma.

"Elfu tano kamili," mama akasema. Maneno yalimtoka kabla hajayazuia.

Binti akaibandua ile risiti, akamrudishia.

"Itunze, mama. Utaibandika dukani."