Shati la Mwalimu Kando ya Mto

Jumapili moja pale Naro Moru, kwetu mlimani, nilimwona mwalimu mmoja, mzaliwa wa kule ziwani, akivua shati kando ya shimo la maji lililo chini ya daraja. Mama aliyekuwa akiosha karoti mtoni aliacha kazi yake, akaliokota shati lile, akalikunja vizuri na kuliweka mapajani.

"Mwalimu, kwenu ni wapi kabisa?"

"Ziwani, mama. Kwa nini?"

"Ati tujue hii nguo tutapelekea nani."

Mwalimu alicheka, akapiga mbizi. Mama alitazama maji, akatazama shati, midomo ikisali bila sauti. Mwalimu alipoibuka ng'ambo, mama hakumpongeza.

"Si umeona maji ni baridi? Sasa toka."

Mlima wetu unanywesha watu hadi pwani, lakini sisi wenyewe mto tunaujua hadi magotini tu. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mama pale pale. Hakuwa na karoti hata moja. Alikuwa na kamba ya ng'ombe, ncha moja ameshaifunga mtini.

"Ingia tu, mwalimu," alisema. "Lakini kwanza jifunge hii."