Mstari wa Pili wa Darubini

Katika kibanda cha wawindaji kilicho juu ya bonde kuna ukuta mmoja uliojaa vipande vya mashati. Vingi ni vya flana, vingine vya jinzi, na kimoja ni cha hariri ambacho hakuna anayekumbuka kilifikaje kule. Ukimlenga kulungu ukamkosa, jioni ile wenzako wanakuketisha kitini, wanakata mkia wa shati lako, yaani upindo wake wa nyuma, kwa mkasi, wanaandika jina lako na mwaka, kisha wanaupigilia msumari ukutani. Hakuna rufaa. Duane Schaffner ana vipande saba pale. Marehemu baba yake alikuwa na kumi na kimoja, na wenye maneno yao walisema alizikwa kifua wazi kwa kukosa shati zima.

Arvid Tollefsrud hakuwa na hata kimoja. Kwa miaka hamsini na miwili aliwinda kwa upinde wa kuvuta kwa mkono, na alikuwa na sharti lake mwenyewe: yadi ishirini, basi. Mnyama akisimama mbali zaidi ya hapo, hata awe na pembe kama kiti cha enzi, Arvid alimwacha aende zake. Watu walimcheka, lakini walimwamini. Ndiyo maana walimpa darasa la kuwafundisha wawindaji wapya katika ukumbi wa zimamoto, akalifundisha miaka ishirini na miwili, akiwafelisha wengi bila huruma. Mmoja wa waliofeli alikuwa huyo huyo Duane, kaka wa mkewe.

Kisha Februari akateleza kwenye barafu nyuma ya zizi, akaangukia bega la kulia. Daktari alilishona, likapona kwa namna yake. Mkono uliweza kushika uma, kushika usukani, hata kukamua ng'ombe mmoja aliyebaki. Kuvuta upinde ulikataa katakata.

Basi mwezi wa Agosti shemeji wawili hao wakaenda dukani kwa Jolene, kununua upinde wa kitako. Huo ni upinde uliolazwa juu ya gogo kama la bunduki: kamba ikishavutwa inajishika yenyewe, nawe kazi yako ni kulenga na kubonyeza kifyatulio.

"Huu hapa, mzee wangu," Jolene akasema, akiweka mezani dude jeusi lenye mabawa mapana. "Nguvu ya kamba ratili mia mbili na ishirini. Mshale ukitoka huuoni."

"Nataka kuuona," Arvid akasema. "Sheria inataka ratili mia tu. Siendi kuua treni."

Duane akaegemea kaunta. "Mtafutie wenye kiti na mahali pa kuwekea kahawa. Huyu sasa ni mstaafu."

"Wewe nyamaza. Una mashati saba ukutani."

"Saba ya uzoefu! Wewe huna kwa sababu hupigi. Unamtazama kulungu kama mchumba mwenye haya, mpaka anaolewa na mwingine."

Jolene akacheka mpaka akafuta macho. Lakini Arvid hakuwa na haraka. Aliuweka kila upinde begani, akafumba macho, akafumbua, aone kama darubini imekuja mbele ya jicho bila kutafutwa. Aliuliza uzito wake ukoje mbele. Aliuliza kelele zake, kwa sababu kulungu akisikia kamba huinama kabla mshale haujafika. Mwishowe akachagua mwembamba wa ratili mia na hamsini, wenye mkono wa kuzungusha kama wa ndoo ya kisima, ili bega lisilazimike kuvuta chochote. Ndani ya darubini kulikuwa na mistari mitatu. Wa juu ni wa yadi ishirini, wa pili arobaini, wa tatu sitini.

"Wa tatu usahau," Jolene akamwambia. "Huo ni wa matangazo ya biashara."

"Hata wa pili nitausahau," Arvid akajibu.

Nyumbani alisoma kijitabu cha sheria kana kwamba hakuwahi kukifundisha. Upinde wa kitako una leseni yake ya peke yake. Mshale usipungue inchi kumi na nne, uwe na kichwa cha makali. Kizuizi cha usalama kiwe kinafanya kazi. Mnyama aandikishwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Alichora mstari kwa penseli chini ya kila neno, mkewe Verna akamwuliza kama anajiandaa kuwa padri. Mwezi mzima alilenga robota la nyasi, upinde ukiwa juu ya meza na gunia la mchanga chini yake. Kwa yadi arobaini alitia mishale mitano ndani ya kisahani cha chai. Hapo ndipo, taratibu, alipoanza kuukumbuka mstari wa pili.

Asubuhi ya Jumamosi ya pili ya Oktoba alikaa katika kijihema chake chini ya mialoni, mahali ambapo shamba lake linateremka hadi uzio. Saa mbili kasoro akatokea kulungu dume mwenye pembe za ncha kumi. Alitembea polepole, akiokota matunda ya mwaloni, akasimama ubavu wazi. Arvid alimpima kwa macho: yadi arobaini. Akamngoja asogee. Dume hakusogea. Bega lilikuwa linamuuma kwa baridi, na sauti ya Duane ilikuwa inamcheka kichwani. Akaweka mstari wa pili nyuma ya bega la mbele, mahali penye moyo.

Kilichofuata hakukifanya yeye, ilikuwa mikono yake. Mikono iliyovuta upinde nusu karne inajua jambo moja: mnyama akiwa mbali, mshale utashuka njiani, kwa hiyo inua kidogo. Ikainua kidogo. Lakini mstari wa pili ulikuwa umekwisha kuuinua upinde kwa umbali ule. Juu ya meza, kwenye gunia la mchanga, mikono haikupata nafasi ya kusema neno. Pale, mbele ya mnyama, ilisema.

Mshale ulipita juu ya moyo, juu ya mapafu, ukaingia kwenye uti wa mgongo. Miguu ya nyuma ikaanguka kama mizigo. Dume akajivuta kwa miguu ya mbele, kuteremka, akilima majani kwa kifua, akapita chini ya waya wa uzio uliolegea, akaenda hatua kumi na tano, akashindwa. Akageuza kichwa, akatazama nyuma.

Arvid alizungusha kamba kwa mkono wa kushoto, akiuma meno, akaweka mshale wa pili, akafika kwenye uzio. Hatua kumi na tano. Kwa umbali huo hakuwahi kukosa maishani. Kwenye nguzo, kibao cheupe kilisema: HAKUNA UWINDAJI. Akasimama.

Duane, aliyekuwa akivizia upande wake wa msitu, alisikia kamba akafika mbio. Alitazama mara moja, akaelewa yote.

"Piga, shemeji."

"Si kwangu pale."

"Nani anakuona? Piga umalize, tutaongea baadaye."

"Swali la kumi na nne," Arvid akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mnyama uliyemjeruhi amevuka mpaka wa jirani. Utafanya nini?"

"Arvid, kwa jina la Mungu."

"Uliandika 'nitapiga.' Nikakufelisha."

Akaondoa mshale, akaegemeza upinde kwenye nguzo, akampigia simu afisa wa wanyamapori. Kijana yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu Arvid," akasema, "niko mbali, mwendo wa saa tatu. Nitakuja niongee na mwenye shamba hilo. Lakini asipotaka, hataki. Siwezi kumlazimisha. Hilo ni wewe uliyenifundisha."

"Najua."

"Pole, Mwalimu."

Akazunguka kwa barabara hadi nyumba ya jirani. Lenore Pruitt alikuwa muuguzi Chicago, wa wale wanaokaa na wagonjwa wasiopona. Alinunua shamba lile miaka mitatu iliyopita. Alifungua mlango akiwa na glavu za bustani, akamsikiliza Arvid aliyevua kofia.

"Bi Pruitt, nakuomba dakika moja tu. Nivuke, nimmalize, nitoke."

"Na upinde?"

"Na upinde."

"Hapana, Bwana Tollefsrud. Nilikuja kukwambia mwaka wa kwanza, kwako, mezani kwako. Nilitaka pawe na mahali pamoja ambapo hawapigwi."

"Ameshapigwa, mama. Anateseka."

"Nasikia. Nani alimtesa?"

"Mimi," Arvid akasema.

Mwanamke akavua glavu zake. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Arvid zaidi. "Nitampigia daktari wa mifugo. Ana sindano. Wewe rudi upande wako."

Daktari alikuwa kwenye zizi la mbali, mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa. Atakuja akimaliza. Hakuna aliyejua ng'ombe atamaliza lini.

Wakangoja. Arvid alisimama kwenye uzio, mikono juu ya waya. Bi Pruitt alishuka na blanketi la sufi, akaketi nyasini mbali kidogo na dume, asimtishe, akawa anasema naye kwa sauti ya chini maneno ambayo hawakuyasikia. Dume alijaribu kuinuka. Akajaribu tena. Kila alipojaribu, mkono wa kulia wa Arvid ulishtuka wenyewe.

"Twende nyumbani," Duane akasema.

"Nenda."

"Kukaa hapa kunamsaidia nini?"

"Hakuna."

Duane hakwenda. Akatoa chupa ya kahawa, akammiminia shemeji yake, na shemeji yake akaishika kahawa ile mpaka ikapoa bila kuinywa.

Saa nne na robo dume akalaza kichwa. Baada ya muda Bi Pruitt alimgusa jicho kwa jani, kama mtu anayejua anachokifanya, akainuka, akaja hadi kwenye uzio. Gari la daktari lilikuwa linaingia uani kwake.

"Nyama yake utaila?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi vukeni mmchukue. Upinde ubaki huko."

Wakavuka, Arvid akiinama chini ya waya ule ule uliolegea. Walimburuta wawili, Duane akivuta kwa nguvu za watu wawili kwa sababu ya lile bega. Saa nane mchana Arvid alimwandikisha kwa idara ya wanyamapori. Waliuliza jinsia, wilaya, tarehe, na silaha. Alijibu yote kwa ukweli, akapewa namba. Hapakuwa na swali lingine.

Jioni, kibandani, supu ya maharage na nyama ilikuwa jikoni na wenzao walikuwa hawajarudi. Arvid alivua shati lake la flana, akalitandaza mezani, akaweka mkasi juu yake. Akaketi kwa fulana, mabega yake yakionekana madogo.

"Kata," akasema.

Duane alitazama mkasi, akatazama ukuta wenye mikia saba ya kwake.

"Siwezi, shemeji. Sheria ni ya waliokosa. Wewe ulimpata."

Arvid akausukuma mkasi karibu naye zaidi. Supu ilianza kuchemka.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Nilimpata."

Na kwa kuwa kulikuwa na baridi, na bega halikunyanyuka vya kutosha, Duane akamsaidia kulivaa tena lile shati, mkono mmoja baada ya mwingine, likiwa zima.