Ncha na Mdomo wa Mbuzi

Kwenye kibanda chetu cha kushona hapa Kimisagara tuna alama yetu ya chaki. Nguo ikiwa pana mno, fundi anachora pembe ndogo juu ya kitambaa, na ncha yake inatazama upande wa kupunguza. Sijui kama mafundi wote wanafanya hivyo. Mimi ndivyo nilivyokuta.

Basi binti yangu alipoleta zile alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko, nilifurahi kupita kiasi. Shule niliishia la tano, na ni mara chache hesabu zake zinanihitaji. Nikamchorea mezani nane na tatu, na alama katikati.

"Ncha inachoma ile ndogo. Kama kwenye nguo."

Akaelewa. Kesho yake mwalimu akawaambia kwamba ile alama ni mbuzi mwenye njaa, mdomo wake unafuata majani mengi. Mwalimu hakukosea. Nimelifikiria sana, na nadhani hata mimi sikukosea: mdomo wa mbuzi wake ni ule upande ulio wazi, kwa hiyo njia zote mbili zinafika palepale. Ila mtoto alizibeba zote kwa pamoja. Jioni alirudi kibandani na daftari limejaa wino mwekundu. Ncha zote zilitazama namba kubwa.

"Mbona umegeuza?"

"Mama, mbuzi mdomo wake iko wapi? Si iko kwenye ncha?"

Jirani yangu wa cherehani ya pili akaangua kicheko. "Yebaba we! Mbuzi wa fundi anachoma majani na sindano!"

Nami nikacheka. Jirani simlaumu, sisi kutwa tunataniana. Na mtoto alikuwa na haki yake: mtazame mbuzi, mdomo uko mbele pale, kwenye ncha. Ningemwambia hivyo kwanza, kisha nicheke. Labda isingebadilisha kitu, sijui.

Hakulia. Alifunga daftari akasema, "Acha tu, mama. Nitamuuliza mwalimu."

Siku hizi hesabu anafanya na wenzake, kwenye ngazi za kituo cha vijana. Anafanya vizuri, siwezi kusema uongo. Jana nilimuuliza wamefika wapi.

"Mbali, mama. Wewe shona tu."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anavyomwambia mgonjwa asiinuke kitandani.